Gololi, fimbo, chapati au kashata: uchague nanokristali ya umbo gani ukitaka mwanga wenye polaraizesheni

Watu wengi wanaoanza kazi na nanokristali za semikondakta (vipande vya kristali vya ukubwa wa nanomita, vinavyotoa mwanga) wanauliza rangi kwanza, kijani au nyekundu, alafu inang'aa kiasi gani na inadumu muda gani. Ni maswali ya maana. Ila kama kazi yako inahusu polaraizesheni, yaani unataka mwanga ambao uga wake wa umeme unatikisika kwenye mstari mmoja badala ya kila upande, cha kuuliza kwanza ni umbo. Unaweza ukawa na chupa mbili za kadmiamu selenaidi (CdSe), zote nyekundu, rangi zimelingana mpaka huwezi kuzitofautisha kwa macho, moja ina viduara na nyingine ina vijiti. Chukua chembe moja ya viduara, pitisha mwanga wake kwenye kichujio cha polaraizesheni, kizungushe, utaona unabadilika kidogo tu au haubadiliki kabisa. Fanya hivyohivyo kwa kijiti kimoja na mwanga unawaka na kufifia kila unapozungusha robo duara.

Kama hujawahi kuiona hii kitu, chukua miwani ya jua yenye polaraizesheni, ile ambayo madereva na wavuvi wanavaa kukata mng'ao, shika simu yako mbele uizungushe taratibu. Kwa simu nyingi kuna pembe ambayo skrini inaingia giza, kwasababu mwanga wake umepita kwenye kichujio kinachoruhusu mstari mmoja tu. Na hapo ndo umeme unapopotelea: kwenye skrini ya LCD taa ya nyuma inatoa mwanga wa kila upande, kichujio cha kwanza kinakula kama nusu yake kabla hata picha haijaanza kutengenezwa. Ukipata kitu kinachotoa mwanga ulioshapangika, sehemu kubwa ya ile nusu unaiokoa.

Sasa hapa chini nalinganisha maumbo yanayopatikana: gololi (vile viduara vya kawaida), fimbo, fimbo yenye mbegu ndani, chapati (vibapa vyembamba) na kashata (vimchemraba vya perovskaiti, familia nyingine ya kristali). Majina ya jikoni nimeyaweka mwenyewe, yananisaidia kukumbuka.

Kwanza ujue polaraizesheni inatoka wapi

Hapa wengi wanaruka na mimi naona ndo kiini cha kuchagua vizuri. Inatoka sehemu mbili tofauti, na hizi mbili hazifanani kabisa tabia zikikutana na mazingira.

Sehemu ya kwanza ni ndani ya kristali yenyewe. Elektroni na tundu (nafasi tupu iliyoachwa na elektroni) wanapokutana kutoa mwanga, wanatoka kwenye ngazi fulani ya nishati, na kila ngazi ina mwelekeo wake. CdSe ya kawaida kristali yake ina mhimili mmoja maalum. Kwenye gololi ngazi ya chini inayotoa mwanga inatikisika kwenye bapa linalokata mhimili huo, kwaiyo mwanga unagawanyika pande mbili za bapa sawasawa. Ukiirefusha hiyo gololi kufuata mhimili, ngazi zinaanza kusogeleana, na mahali fulani zinapishana: iliyokuwa juu inashuka chini, na hiyo mpya inatikisika kufuata urefu wa kijiti. Mwaka 2001 kundi la Paul Alivisatos pale Berkeley walionyesha hili kwa CdSe, na kilichonishangaza mimi ni kwamba huhitaji kijiti kirefu, urefu ukikaribia mara mbili ya unene mabadiliko yameshatokea.

Sehemu ya pili ipo nje, kwenye mpaka kati ya kristali na kilichoizunguka. Semikondakta inapunguza uga wa umeme ndani yake kuliko hewa. Uga ukija sambamba na waya mrefu unaingia wote bila shida. Ukija kwa kuukata waya, chaji zinajikusanya kwenye mbavu zake mbili na zinausukuma nyuma, kinachoingia ni kidogo. Mwaka huohuo 2001 kundi la Charles Lieber kule Harvard walipima nanowaya moja moja za indiamu fosfaidi wakapata polaraizesheni zaidi ya 0.9, ambapo 0 maana yake hakuna na 1 maana yake mwanga wote upo mstari mmoja. Hesabu yake ni rahisi, fanya na mimi. Kipimo cha dielektriki (yaani kitu kinapunguza uga wa umeme kiasi gani) cha indiamu fosfaidi ni kama 12.4, cha hewa ni 1. Uga unaokata waya unapungua kwa 2 gawanya kwa 13.4, yaani 0.15, na kwasababu nguvu ya mwanga ni uga mara uga, inabaki 0.022. Upande mmoja 1, upande mwingine 0.022, polaraizesheni inatoka 0.96. Hakuna kwantamu hapo ndani hata kidogo, ni umbo na mazingira tu.

Na mazingira yakibadilika? Chukua waya wa CdSe, dielektriki yake kwa mwanga ni kama 6. Kwenye hewa hesabu ileile inakupa 0.85. Ufukie huohuo ndani ya plastiki au toluini, ambayo dielektriki yake ni kama 2.25, inashuka mpaka 0.54. Waya ni uleule! Umebadilisha tu kilichouzunguka. Kwaiyo mtu akikuonyesha namba kubwa muulize alipima kwenye nini, kwenye hewa au ndani ya polima, kwasababu bidhaa karibu zote zinaishia ndani ya polima. Ile polaraizesheni ya kwanza, ya ngazi za nishati, haijali sana plastiki. Ya pili inaumia.

Gololi

Kwa polaraizesheni, gololi uziache. Zikiwa nyingi zimelala ovyo kwenye filamu, mwanga unaotoka hauna mwelekeo wowote, na mpaka wa nje hausaidii kwasababu duara inapunguza uga sawa pande zote. Kwa kazi nyingine ni nzuri sana: njia ya kuzitengeneza imekomaa tangu Moungi Bawendi na wenzake walivyoonyesha mwaka 1993 namna ya kudunga kemikali kwenye kiyeyushi cha moto zikatoka za saizi moja, na yeye, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2023 kwa ajili ya doti za kwantamu, ambazo ndo hizi gololi. Kama unataka rangi safi tu, au unataka chembe ambayo mwanga wake haubadiliki hovyo kutegemea imelalaje, hapo kutokuwa na mwelekeo ni faida.

Fimbo

Hapa ndo wengi wanaanzia na ni sawa, ila kuna kosa moja linajirudia, watu wanadhani fimbo ikirefuka zaidi ndo bora zaidi. Nimepiga hesabu ya ule mchango wa mpaka tu, bila ngazi za nishati, kwa CdSe iliyozama ndani ya plastiki, nikachukulia umbo la yai refu. Urefu mara 2 ya unene unapata kama 0.26. Mara 3, 0.37. Mara 5, 0.46. Mara 10, 0.51. Isiyo na mwisho, 0.54. Umeona inavyokata? Kutoka 1 kwenda 5 umepata karibu yote, kutoka 5 kwenda 10 umehangaika maabara kwa kaongezeko kadogo, na fimbo ndefu zina matatizo yake, zinashikana mafungu mafungu, uso wake ni mkubwa kwaiyo sehemu za kuvuja nishati bila kutoa mwanga ni nyingi. Mi ningekaa kati ya mara 4 na mara 8 nikaishia hapo. Ukiweka na mchango wa ndani, ule wa ngazi zilizopishana, kijiti kimoja cha urefu huo kinakupa namba nzuri kuliko hizo nilizoandika.

Tatizo kubwa la fimbo tupu ya CdSe ni mwangaza. Bila ganda la semikondakta nyingine la kuifunika inatoa asilimia chache tu ya kile ilichofyonza. Polaraizesheni nzuri, taa hafifu.

Kufyonza nako kuna mambo yake. Ukiipiga fimbo na mwanga ambao nishati yake iko karibu na ile ya chini kabisa, inachagua mwelekeo vizuri. Ukiipiga na urujuani au zaidi, nishati ya juu, huko kuna ngazi nyingi zimechanganyika kila moja na mwelekeo wake na ule uchaguzi wa ndani unafutana, unabaki na mchango wa mpaka peke yake. Kwaiyo kama unatengeneza kihisi kinachotakiwa kutambua polaraizesheni ya mwanga unaoingia, usipime kwa leza ya urujuani alafu ukadhani umemaliza, pima kwenye rangi utakayoitumia.

Fimbo yenye mbegu ndani

Hii ndo ninayoipendekeza kwa watu wengi, naisema wazi. Unachukua gololi ndogo ya CdSe ya nanomita 3 au 4 hivi, unaiotesha ndani ya fimbo ya kadmiamu salfaidi (CdS) yenye urefu wa makumi ya nanomita. Fimbo kubwa ndo inafyonza mwanga wa bluu na urujuani, ni kama antena, alafu nishati inateremka mpaka kwenye mbegu na mbegu ndo inatoa mwanga mwekundu au wa chungwa. Mwangaza wake unaweza kuzidi nusu ya ulichofyonza kwa mbali, tofauti kabisa na fimbo tupu. Na kwasababu rangi inayofyonzwa na rangi inayotoka ziko mbalimbali, chembe hazilani mwanga wa wenzao, kitu cha muhimu sana ukiwa na filamu nene.

Swali ambalo kila mtu anauliza: mbegu ni duara, sasa polaraizesheni inatoka wapi? Mbegu ipo ndani ya fimbo, kwaiyo mwanga wake lazima upite kwenye mpaka uleule wa fimbo, na juu ya hapo CdS inaibana mbegu kwa mkandamizo usio sawa pande zote, ngazi za nishati zinasogea. Chembe moja moja zimepimwa na zinafika kama 0.75, yaani karibu mara 7 upande mmoja kuliko mwingine. Ukitaka zaidi, mbegu yenyewe iwe kijiti, fimbo ndani ya fimbo. Kundi la Uri Banin pale Yerusalemu walizitengeneza wakaonyesha mwaka 2011 kwamba zinazidi zile za mbegu duara. Ila ni kazi zaidi kuziotesha zikatoka zinafanana, na kama ndo unaanza sikushauri.

Chapati

Hivi vibapa nikiri vina nafasi yake moyoni, kwasababu unene wake unahesabika kwa tabaka za atomu, 4 kamili au 5 kamili, sio "karibu 4". Kundi la Benoit Dubertret kule Paris ndo walioanza kuzitoa za CdSe mwaka 2008. Kwasababu unene haubadiliki kutoka chapati moja hadi nyingine, rangi yake ni safi sana, upana wa kama nanomita 10 wakati gololi nzuri za CdSe ziko kwenye 25 au 30.

Sasa polaraizesheni yake usiichanganye na ya fimbo. Chapati inatikisisha mwanga ndani ya bapa lake, sio kwenye mstari. Ukiiangalia kutoka juu, kama imelala, huoni polaraizesheni ya maana, pande zote za bapa ni sawa. Ukiiangalia kutoka ubavuni, mwanga unaotoka umepangika vizuri sana. Na mpaka wa nje unasukuma upande huohuo: uga unaochoma chapati kutoka juu kwenda chini unapungua mara 6 kwenye hewa kwa CdSe, ule ulio kwenye bapa haupungui.

Kwaiyo chapati zina kazi mbili ambazo ni kama vitu viwili tofauti. Ukizilaza zote kwenye filamu ya taa ya LED, mwanga unaelekea juu badala ya kukimbilia pembeni na kunaswa ndani ya kioo, na hilo ni jambo zito kwasababu kwenye taa ya filamu nyembamba yenye chembe zilizolala ovyo kama asilimia 20 tu ya mwanga ndo inatoka mbele. Hapo hutafuti polaraizesheni, unatafuta mwelekeo, ila chanzo ni kilekile. Ukizisimamisha, au ukizipanga kama chapati kwenye hotipoti zikatengeneza mnara mrefu, ule mnara unatoa mwanga wa mstari. Walishafanya hivyo Paris mwaka 2014, minara ya urefu wa maikromita iliyojipanga yenyewe kwenye kiyeyushi.

Kashata

Vimchemraba vya perovskaiti, mfano siziamu ledi bromaidi, vilitoka kwenye kundi la Maksym Kovalenko kule Zurich mwaka 2015, kijani kikali, mwangaza unaweza kufika asilimia 90, na kuvitengeneza ni haraka. Kwa polaraizesheni kwenye joto la kawaida mchemraba ni kama gololi tu, pande tatu zinalingana. Kwenye baridi kali ya heliamu unaona mistari miwili au mitatu myembamba, kila mmoja na mwelekeo wake, ila hiyo ni kwa watu wa fizikia sio kwa skrini. Ukiipenda perovskaiti na unataka polaraizesheni, chukua waya zake na sio kashata. Na maji ni adui yake mkubwa.

Kipimo kwenye chupa kinadanganya

Nimeona hili likiwapoteza watu na mimi pia lilinipoteza. Unaweka fimbo zako kwenye toluini, unazipiga na leza yenye polaraizesheni, unapima mwanga unaotoka, unapata labda 0.35, unakata tamaa. Usikate. Fimbo kwenye chupa zimelala kila upande, leza inachagua zile zilizoelekea upande wake, na hata kama kila fimbo ingekuwa kamilifu kabisa, hesabu inasema hutaweza kuvuka 0.5. Kwa chapati kamilifu mpaka ni 0.14 hivi. Kwa kitu kisicho na mwelekeo ni 0. Kwaiyo 0.35 yako ni habari njema. Fimbo inatoa mwanga ndani ya nanosekunde 10 au 20 na ya nanomita 30 inahitaji mamia ya nanosekunde kugeuka, kwaiyo usiwaze kwamba imezunguka ikaharibu kipimo. Alafu ukizipiga na taa ya kawaida kutoka kila upande utapata sifuri, hata fimbo ziwe nzuri vipi.

Nilipoanza nilipima vijiti kimoja kimoja kwenye maikroskopu, namba zikawa nzuri mno, nikafurahi, nikachukua chupa ileile nikamwaga kwenye kioo nikaspini, yaani nikakizungusha kwa kasi, kupata filamu, nikapima tena: hakuna kitu. Wiki nzima nikawa natafuta kosa kwenye kemia. Kemia haikuwa na kosa, vijiti vilikuwa vimelala kama njiti za kiberiti zilizomwagika.

Ndo maana namba ya kijiti kimoja isikuamulie. Fimbo yenye 0.75 iliyopangika nusunusu inashindwa na fimbo ya 0.6 iliyopangika vizuri. Njia za kupanga zipo kadhaa na mimi naipenda ya kuvuta: unachanganya fimbo kwenye polima, unaipasha joto ikalainika, unaivuta upande mmoja, fimbo zinafuata mvuto. Rahisi na unaweza kutoa karatasi kubwa. Njia ya uga wa umeme inafaa pia kwasababu fimbo nyingi za aina hii zina chaji chanya na hasi za kudumu kwenye ncha zake, zinajigeuza zenyewe, ila unahitaji elektrodi na eneo linakuwa dogo. Kuna kuzichanganya na likwidi kristo (kimiminika ambacho molekuli zake zinajipanga upande mmoja) nazo zikapangika pamoja nayo. Kwa vyote hivyo usijaze chembe nyingi sana, zikishikana mafungu hazipangiki tena.

Uchukue ipi basi

Karatasi ya kuweka nyuma ya skrini: fimbo yenye mbegu, urefu mara 5 au zaidi kidogo, kwenye polima iliyovutwa. Taa ya LED unayotaka itoe mwanga mwingi mbele: chapati zilizolala, na usipoteze muda kutafuta mstari. Kihisi kimoja kidogo kinachotofautisha mwelekeo wa mwanga: nanowaya iliyo kwenye hewa, usiifunike na plastiki kabla hujapiga ile hesabu ya juu, ukilazimika kuifunika chagua semikondakta yenye dielektriki kubwa kama indiamu fosfaidi. Kufuatilia jinsi molekuli inavyogeuka ndani ya seli: fimbo yenye mbegu tena, fupi, kwasababu ndefu itaizuia hiyo molekuli kugeuka. Rangi tu: gololi au kashata.

Na kama bidhaa yako itauzwa Ulaya, kabla hujaagiza chochote ujue sheria ya RoHS, ile ya kuzuia kemikali hatari kwenye vifaa vya umeme, inataka kadmiamu isizidi asilimia 0.01 kwa uzito kwenye kila materiali, na risasi (ile ledi iliyomo kwenye kashata) asilimia 0.1. Hiyo inagusa fimbo, chapati na kashata zote nilizozitaja. Indiamu fosfaidi inapita, lakini kristali yake kwa kawaida ni ya mchemraba, haina mhimili mmoja maalum, kwaiyo kuiotesha iwe fimbo kwenye kiyeyushi ni kugumu kuliko CdSe, inapenda kubaki duara. Mtu akiweza kutoa fimbo za indiamu fosfaidi zenye mwangaza mzuri kwa kilo na sio kwa miligramu, mimi nitaacha kupendekeza kadmiamu siku hiyohiyo.